Maswali ya Bustani: Nyinyoro, Mkalamu na Airisi za Kwetu

Tangu masika yalipokatika, barua nyingi zinazofika katika safu hii zimehusu maua yanayoota kutokana na vitunguu na viazi vya chini ya ardhi, yaani lili, airisi na jamaa zake, na malalamiko ya wasomaji yanafanana: mtu amenunua, amepanda, amemwagilia kila siku, na mmea umekufa au umegoma kuchanua. Kwa kuwa vuli imekaribia, na wiki chache kabla ya mvua ndizo wiki nzuri za kupanda mimea ya aina hii, nimechagua baadhi ya barua hizo nizijibu pamoja. Msomaji ataona kwamba majibu kadhaa yanarudi kwenye maji: yatolewe lini na, zaidi ya hapo, yakatwe lini.

*Bibi Shamba, shikamoo. Mwaka jana dada yangu anayeishi Uholanzi aliniletea vitunguu vya lili na vipande vya airisi, nikavipanda mbele ya nyumba kwa kufuata maelezo ya kwenye pakiti. Lili zilitoa majani machache zikadumaa, na airisi zilioza zote wakati wa masika. Udongo wetu huku ni mchanga mtupu. Je, kuna dawa ya kuzisaidia zilizobaki, au nikubali tu kuwa zimeshindikana? Na kama zimeshindikana, zipo lili na airisi za kwetu ninazoweza kupanda mahali pake? – Mama wa nyumbani, Mbezi Beach*

Marahaba. Dawa hakuna, na wala usiulaumu mchanga. Lili halisi, zile za jenasi ya Lilium, pamoja na airisi halisi za jenasi ya Iris, ni mimea ya kaskazini mwa dunia, ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na hakuna hata moja inayoota mwituni hapa Tanzania. Kitunguu cha lili kimezoea kulala wakati wa baridi, na aina nyingi huhitaji wiki kadhaa za baridi ya karibu nyuzi 5 ndipo kitunguu kiamke na kutoa kikonyo cha maua. Hapa Dar es Salaam hata usiku wa Julai joto kwa kawaida hubaki karibu nyuzi 18 au zaidi, kwa hiyo kitunguu hicho hubaki kikingoja majira ambayo hayaji. Airisi za Ulaya nazo, hasa zile zenye manyoya kwenye petali, hutaka shina lao nene likae juu ya udongo, lipigwe jua na kukauka baada ya maua. Mvua zetu za Machi hadi Mei, zikichanganyika na joto, huliozesha kabla halijapata nafasi hiyo. Wapo wanaoweka vitunguu kwenye jokofu kabla ya kupanda na kupata maua ya msimu mmoja. Mimi sioni faida ya kulipia umeme kila mwaka kwa ajili hiyo, ilhali mimea ya kwetu iko tele na haidai jokofu.

Unaposema lili za kwetu, tukubaliane kwamba tunazungumzia mimea yenye sura na tabia ya lili, ingawa wataalamu wameipanga katika familia nyingine. Iko nyinyoro, Scadoxus multiflorus, yenye ua jekundu la mviringo ambalo kwa kweli ni mkusanyiko wa maua madogo yanayoweza kufika 200 juu ya kikonyo kimoja. Uko mkalamu, Gloriosa superba, unaopanda juu ya vichaka na kuchanua maua ya manjano na nyekundu yaliyogeuza petali zake nyuma. Ziko krinamu za mwituni, kama Crinum kirkii, ambayo petali zake nyeupe zina mstari mwekundu katikati, na Crinum stuhlmannii, iliyopewa jina la Franz Stuhlmann, Mjerumani yule yule anayetajwa kuwa mwanzilishi wa Bustani ya Mimea ya hapa mjini mwaka 1893. Kwa upande wa airisi, familia hiyo ina wawakilishi wengi Afrika. Dietes iridioides, airisi ya mwituni yenye maua meupe yaliyoguswa manjano na zambarau, huota pembezoni mwa misitu kuanzia Afrika Kusini hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Gladiolus dalenii, yenye maua ya rangi ya chungwa, ni mmoja wa wazazi wa gladiola kubwa zinazouzwa leo kwa shada katika maduka ya maua. Wazungu waliichukua Afrika, wakaichanganya na nyingine katika karne ya 19, na sasa tunauziwa wajukuu wake.

Kwa mchanga wa Mbezi Beach, ningeanza na krinamu. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 au 50, changanya mchanga uliotoka na mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, kisha weka kitunguu ili shingo yake ibaki juu ya udongo. Usijali kwamba kinaonekana kimekaa juujuu, kwa sababu mizizi ya krinamu hujikunja na kuvuta kitunguu chini taratibu hadi kitakapofika kina kinachokifaa, na baada ya miaka michache utahitaji jembe la nguvu kukitoa. Maua yake hufunguka jioni, na harufu yake huongezeka giza linapoingia, kwa maana wageni wanaosubiriwa ni nondo wakubwa wanaoruka usiku. Kwa hiyo panda karibu na baraza mnapokaa jioni. Ukipanda nyuma ya tangi la maji, harufu yote itapotea bure.

Ukienda kununua, uwe makini. Katika vitalu vya kando ya barabara, karibu kila kitu chenye kitunguu huitwa lili, na sehemu kubwa ya vinavyouzwa asili yake ni Amerika. Ua jeupe lenye petali nyembamba ndefu na kikombe chembamba kinachounganisha nyuzi za katikati ni Hymenocallis, nalo si krinamu, kwa sababu krinamu haina kikombe hicho. Ua kubwa jekundu ambalo kikonyo chake ukikibinya unahisi kina uwazi ndani ni Hippeastrum. Kikonyo cha krinamu kimejaa. Sisemi mimea hiyo ni mibaya, kwani mingi inastahimili vizuri hali ya hewa ya hapa, lakini anayelipa bei ya mmea wa kwetu apewe mmea wa kwetu.

Jambo la mwisho kwako: kama unamwagilia kwa maji ya kisima, yaonje kwanza. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya kwenye udongo wakati wa kiangazi hadi ncha za majani zikaungua. Krinamu huvumilia kidogo, lakini nyinyoro ingepata maji ya mvua au ya bomba.

*Habari za kazi, Bibi Shamba. Nina nyinyoro chini ya mwembe, huchanua mvua za vuli zinapoanza, kisha majani hudumu miezi kadhaa na mmea wote hutoweka. Mwaka huu kijana anayenisaidia bustanini aliendelea kumwagilia mahali hapo kila jioni hata baada ya majani kuisha. Nilipofukua nilikuta kitunguu kimoja kimelainika na kinanuka. Vilivyobaki nivifanyeje? Tena nilihifadhi mbegu zake nyekundu kwenye bahasha, nikazipanda baadaye, haikuota hata moja. – Mstaafu, Ukonga*

Kazi njema, mzee wangu, na shikamoo. Kilichotokea kwako ndicho kinachoua nyinyoro nyingi zaidi ya wadudu na magonjwa yote kwa pamoja. Mmea huu umeumbwa kwa kufuata mvua: unaamka zinapoanza, unachanua upesi kabla au wakati ule ule majani yanapojitokeza, halafu hutumia miezi iliyobaki ya mvua kutengeneza chakula na kukirudisha kitunguuni. Mvua zikishakatika, majani huwa ya manjano na kulala chini, mizizi mingi husinyaa, na kitunguu hulala. Kitunguu kilicholala hakinywi maji. Maji unayomwaga juu yake hukaa pale pale yakiwasubiri kuvu, nao hawachelewi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Majani yakianza kugeuka manjano, punguza kumwagilia, na yakishalala kabisa, acha. Usiyakate yakiwa bado ya kijani hata kama yanaonekana yamechoka, kwa sababu ua la mwaka ujao linatengenezwa na majani hayo. Weka mawe matatu au kijiti mahali kitunguu kilipo, ili anayepalilia asikipasue kwa jembe na anayemwagilia ajue kupita mbali. Chini ya mwembe ni mahali pazuri sana, kwani mwembe hunyonya maji ya ziada na kutoa kivuli chepesi, na hicho ndicho nyinyoro inachokipata msituni. Ila msimwagilie mwembe wenyewe kwa kumwaga maji shinani. Mwageni kwenye mzunguko wa nje wa matawi.

Vitunguu vilivyobaki, vitoe sasa kabla ya vuli, uvikague kimoja kimoja. Binya kwa kidole gumba kuzunguka kitako, yaani sehemu mizizi inapotokea. Kikiwa kigumu, kirudishe. Kikiwa na doa laini pembeni, kata sehemu hiyo kwa kisu safi hadi ufike kwenye nyama nyeupe, kiache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha ukipande peke yake kwenye chungu. Kikiwa laini kitakoni, kitupe wala usikitie kwenye mboji. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, maana utomvu wa mimea hii huwasha ngozi, na kitunguu chenyewe ni sumu kikiliwa. Unaporudisha, shingo ya kitunguu iwe usawa wa uso wa udongo, na udongo uwe mchanganyiko wa mboji na mchanga usiotuamisha maji. Kinyesi cha kuku kibichi usikikaribishe kabisa, kwa sababu kinaunguza mizizi. Huenda vitunguu ulivyovisumbua visichanue vuli hii, jambo ambalo lisikutie wasiwasi. Nyinyoro hukasirika ikihamishwa, na huchukua msimu mmoja kutulia.

Kuhusu mbegu, bahasha ndiyo iliyoziua. Mbegu nyingi tulizozizoea, kama za mchicha au mahindi, hukaushwa na kuhifadhiwa, lakini mbegu ya nyinyoro ina unyevu wake ndani na ikikauka inakufa. Matunda yakiwa mekundu na yamelainika, menya nyama yake, osha mbegu, na siku hiyo hiyo iweke juu ya mchanganyiko wenye unyevu, uifukie nusu tu. Iache kivulini. Utaona kwanza mzizi ukitoka na kuzama, kisha jani moja. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni safari ya miaka mitatu hadi mitano, na kwa sababu hiyo, ukikuta mtu anauza kitunguu kikubwa kwa bei rahisi sana, muulize amekitoa wapi. Nitalieleza hili zaidi katika jibu la kijana wa Sinza.

*Bibi Shamba, shikamoo. Kwenye uzio wetu umejiotea mkalamu, na maua yake yamepapendezesha mno. Jirani ametuambia ni sumu, na sasa baba watoto anataka ung'olewe leo kabla ya kesho. Tuna watoto wawili ambao hawajaanza shule, na mbuzi wawili. Mimi ningependa ubaki. Utupatanishe. – Mama, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Katika hili nampa haki baba watoto. Mkalamu wote una sumu inayoitwa kolkisini, mbegu na viazi vyake vikiwa nayo nyingi zaidi, na kuchemsha hakuiondoi. Hatari kubwa iko kwenye kiazi chake, kwa sababu kinafanana na kiazi cha kuliwa na watu wazima wamewahi kukila kwa kudhani ni kiazi kikuu. Mtu akila, mara nyingi haoni kitu kwa saa kadhaa; kisha huanza kuungua mdomoni na kooni, kutapika na kuharisha, na akichelewa viungo vya ndani hushindwa kufanya kazi. Kolkisini hiyo hiyo, kwa vipimo vidogo vinavyoratibiwa na daktari, hutumika kutibu jongo, lakini hilo halimhusu mtoto anayetafuna kiazi nyuma ya uzio. Ikitokea mtoto au mtu yeyote amekula sehemu yoyote ya mmea, apelekwe hospitali papo hapo bila kusubiri dalili, na mchukue kipande cha mmea mkakionyeshe. Maziwa si dawa yake. Mbuzi pia hudhurika.

Ng'oeni basi, lakini kwa utaratibu. Subirini majani yakauke ili muweze kufukua kwa upole, kwa sababu kiazi cha mkalamu kina umbo la herufi V na huvunjika kirahisi. Kikivunjika, vipande vitabaki ardhini, na kipande chenye ncha ya kuchipua kitaota tena karibu na mlango wenu. Wakati mkisubiri, wekeni wavu au miba ya kuzuia watoto na mbuzi wasifike uzioni. Mkishavitoa, msivitupe jalalani ambako wengine wanaweza kuviokota. Mpeni mtu mzima asiye na watoto wadogo nyumbani na mwelezeni anachokipokea, au vifukieni shimo refu.

Msomaji mwingine ambaye nyumba yake haina watoto wala mifugo anaweza kuupanda bila hofu. Kiazi hulazwa ubavu, sentimita 5 hadi 10 chini ya udongo, huku ncha yenye jicho ikitunzwa kuliko kitu chochote, kwani jicho lipo moja tu mwishoni mwa kila mkono wa kiazi na likivunjika mkono huo hautachipua. Mahali panapofaa ni penye jua juu na kivuli chini, kama ilivyo kwenye vichaka vya pwani, na udongo wa mchanga unaufaa kuliko mfinyanzi. Uwekee kitu cha kushika, hata matawi makavu tu, kwa sababu mmea huu hauna vikonyo maalumu vya kujishikiza. Ncha ya kila jani ndiyo inayojikunja na kushika. Ua likifunguka, litazame kwa karibu. Petali sita zenye kingo za mawimbi zimerudi nyuma, na ule uzi wa kike unaotoka juu ya kifuko cha mbegu umepinda kwa pembe mraba na kuelekea pembeni, mbali na chavua ya ua lenyewe. Kwa mpangilio huo mdudu au ndege anayekuja na chavua ya ua jingine ana nafasi kubwa zaidi ya kuugusa. Sijaona ua jingine la kwetu lililopinda namna hiyo.

*Bibi Shamba, krinamu zangu zinaliwa na viwavi weusi wenye mistari myeupe na ya manjano. Wanamaliza mmea kwa siku chache tu, na wengine nimewakuta ndani ya kitunguu. Nimepuliza dawa ya mbu ya kopo bila mafanikio. – Mkazi wa Kigamboni*

Dawa ya mbu iache kwa ajili ya mbu. Hao ni watoto wa nondo anayeitwa Brithys crini, anayeishi kwa kula krinamu na jamaa zake tu, kwa hiyo usitarajie atahamia kwenye mchicha akakuachia maua. Nondo hutaga mayai kwa mafungu kwenye majani. Viwavi wakitoka huingia ndani ya jani na kula nyama ya kati, na wakati huo unaona tu madoa yanayopitisha mwanga, kama karatasi iliyolowa mafuta. Wakikua hutoka nje na kula kwa kundi, huteremka shingoni na kuingia kitunguuni, na nyuma yao hubaki uchafu wa kijani kibichi unaonuka.

Ufunguo ni kuwakamata wakiwa bado ndani ya jani. Kagua krinamu zako mara mbili kwa wiki kuanzia mvua zinapoanza, ukiinua kila jani dhidi ya jua. Jani lenye madoa hayo ya mwanga likate na ulichome, au ulitie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Viwavi wakubwa waokote jioni kwa mkono wenye glavu. Kwa bustani ya nyumbani hii ni njia bora kuliko dawa yoyote ninayoifahamu. Mchanganyiko wa mbegu za mwarobaini zilizopondwa na kulowekwa usiku kucha, ukichujwa na kutiwa sabuni kidogo, husaidia kwa wale wadogo ukipulizwa jioni na kurudiwa baada ya mvua. Kitunguu kilichoingiliwa kikate hadi ufike mahali pazima, na ukiache kikauke kabla ya kukirudisha. Kwa kuwa viwavi hao hujifukia ardhini ili wageuke kuwa nondo, tifua udongo kuzunguka mmea na uwaachie kuku nusu saa, mradi uwasimamie wasianze kuparura vitunguu.

*Tunaishi ghorofa ya tatu Upanga, roshani yetu hupata jua la asubuhi hadi saa tano. Airisi niliyopewa na shangazi ina majani marefu ya kupendeza lakini imechanua mara moja tu, na kikonyo hicho kimoja nilikikata baada ya ua kunyauka. – Msichana, Upanga*

Majani marefu ya kupendeza yasiyo na maua yana maana mbili: kivuli kingi au mbolea nyingi ya kukuzia, na kwako nadhani ni yote mawili. Sogeza chungu hadi ukingoni mwa roshani kinapopata jua lote hilo la asubuhi, na acha mbolea ya kukuzia kabisa. Kiganja cha mboji kila mvua zinapoanza kinatosha. Hata hivyo kosa kubwa lilikuwa mkasi. Kila ua la airisi ya mwituni, ambayo nadhani ndiyo yako, huishi siku moja tu, lakini kikonyo chake huishi zaidi ya msimu mmoja na huendelea kutoa maua mapya kwa vipindi. Kata vikonyo vilivyokauka vyenyewe tu. Usiigawe wala kuihamisha mwaka huu, kwa sababu haipendi kusumbuliwa mizizi, na ikisumbuliwa hulipiza kwa kukunyima maua.

*Shikamoo Bibi Shamba. Mimi na mwenzangu tumepata wazo la biashara. Misitu ya Pugu ina nyinyoro nyingi sana zikichanua wakati wa mvua. Tunataka tukachimbe vitunguu tuje kuviuza kwenye vyungu mjini. Tupate ushauri wa namna ya kuvisafirisha visioze. – Kijana, Sinza*

Marahaba, kijana wangu. Ushauri wa kusafirisha sitautoa. Pugu na Kazimzumbwi ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kutoa mmea humo bila kibali ni kosa. Zaidi ya sheria, hesabu yenyewe haikai vizuri. Nimeeleza hapo juu kwamba nyinyoro huchukua miaka mitatu hadi mitano kutoka mbegu hadi ua. Mkichimba zinazochanua mnaondoa wazazi wote kwa mara moja, na kilichobaki hakitaziba pengo hilo ninyi mkiwa bado kwenye biashara. Nyanda za juu za kusini wameliona hili kwa okidi. Viazi vya okidi vilichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kuwa chakula, na hofu ya kuzimaliza ilikuwa miongoni mwa sababu za kuifanya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Wazo la biashara si baya, chanzo ndicho kibaya. Viko vyanzo viwili halali. Cha kwanza ni viwanja vinavyosafishwa kwa ujenzi. Kuanzia Goba hadi Kibada, kila mwezi kuna kichaka kinachopitiwa na greda, na humo mara nyingi kuna nyinyoro, krinamu na mikalamu ambayo itazikwa au kukatwakatwa. Mwoneni mwenye kiwanja kabla ya greda, mwombeni ruhusa, na ombeni iandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, maana mtu anaweza kusahau alichokubali. Chimbeni kwa kuzunguka mbali na shina, tikiseni udongo, acheni vitunguu vikauke kivulini siku mbili au tatu, kisha vipangeni kwenye boksi lenye matundu na makumbi ya nazi makavu kati yake. Hivyo vikiwa ndivyo mtaji wenu, msiviuze vyote; wekeni robo tatu kama wazazi.

Chanzo cha pili ni mbegu za wazazi hao. Krinamu ndiyo rahisi kuanza nayo, kwa sababu mbegu yake ni kubwa, imejaa maji, na huchipua yenyewe hata ikiwekwa juu ya meza bila tone la maji, ndiyo maana haifai kuisubirisha. Iwekeni juu ya mchanga wenye unyevu bila kuifukia. Airisi ya mwituni nayo huongezeka kwa kugawa mashina yake yakishakuwa kichaka, na miche yake mnaweza kuiuza ndani ya mwaka mmoja, wakati mnangoja nyinyoro. Andikeni kwenye kila chungu jina la mmea na onyo la sumu pale linapohusika. Wanunuzi wengi watauliza kama mmea utachanua lini, na mkiwajibu kweli, hata kama jibu ni mwaka wa tatu, watarudi.

*Je, yungiyungi la buluu linaweza kukaa kwenye pipa uani bila kutuletea mbu? – Msomaji, Magomeni*

Linaweza. Yungiyungi la buluu la kwetu, Nymphaea nouchali, linataka jua la saa sita kwa siku na maji yaliyotulia. Kata pipa la plastiki nusu, weka chini udongo wa mfinyanzi usio na samadi mbichi, panda tunguu humo, funika udongo kwa changarawe ili usitibuke, kisha jaza maji taratibu. Maua hufunguka asubuhi na kufunga mchana. Kuhusu mbu, swali lako ni la msingi katika jiji ambalo limepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019: tia samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, wanne au watano kwa pipa nusu, na usiwalishe sana ili wabaki na njaa ya viluwiluwi. Ukiona samaki wamekufa, mwaga maji siku hiyo hiyo, sugua kuta za pipa kwa brashi kwa sababu mayai ya mbu hao hushikilia ukutani hata pakikauka, na ujaze upya baada ya kupata samaki wengine.